Tasneem Hakujidai

Kijiwe chetu kipo Barani, Malindi, kwenye kona inayotazamana na zahanati. Ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali, na mbele yake Adnan huweka jiko la makaa, birika la kahawa tungu na sahani ya kashata. Tunaoketi hapo kila siku baada ya sala ya alasiri ni wanne. Mahadhi tunamwita Wakili, kwa kuwa aliwahi kuwa karani wa mahakama, na tangu astaafu hajaacha kuhukumu. Muzammil ni Redio; habari huwa nayo kabla haijatokea. Kioko, fundi wa magari aliyetoka Makueni akaja kuzeekea hapa, ni Spana. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, nao huniita Mwalimu tu, jina jingine hawajanipatia. Mambo ya nchi hii tumeyatatua mara nyingi pale, na nchi yenyewe haina habari. Lakini Jumamosi ninayoisimulia hakuna aliyecheka, kwa sababu mazungumzo yalikuwa ya binti wa Adnan, na kahawa tuliyokuwa tukinywa ilikuwa ikimiminwa na Adnan mwenyewe.

Binti huyo ni Tasneem. Ana miaka ishirini na sita. Nilimfundisha mimi, na tangu darasa la nne alikuwa akisema atakuwa muuguzi. Tena si muuguzi wa kukaa wodini. Alitaka ule uuguzi wa kutembea mitaani, wa kujua nani ana mimba, mtoto yupi hajachanjwa, na nani ameacha dawa za kifua kikuu kwa kuwa amejiona amenenepa. Alipomaliza sekondari, Adnan alimpeleka chuo kimoja cha watu binafsi nje ya mji, ambacho leo hata kibao chake kimeng'olewa. Miaka mitatu na nusu Tasneem alipita hapa kijiweni na sare nyeupe na mshipi wa buluu, akiamkia kila mmoja wetu kwa zamu, na Adnan akijifanya anapuliza makaa ili tusimwone anavyotabasamu.

Siku ya kuandikishwa mtihani wa baraza la wauguzi, ule ambao bila kuupita mtu hasajiliwi wala hapewi leseni, majina yao hayakuwemo. Chuo kile kilikuwa na idhini ya kufundisha huduma ya kwanza na utunzaji wa wazee. Idhini ya kufundisha uuguzi hakikuwa nayo, na hakijawahi kuwa nayo. Wanafunzi thelathini na wanane walisimama uani wakimpigia mkurugenzi, na simu ya mkurugenzi ilikuwa imezimwa. Tasneem alizunguka vyuo vinavyotambuliwa, kimoja baada ya kingine, na kote jibu lilikuwa moja, tena la upole. Anakaribishwa, lakini aanze mwaka wa kwanza. Miaka ile mingine haihesabiki.

Hakuanza upya. Alikwenda hapo zahanati akaomba kujitolea. Muuguzi aliyekuwepo, Sista Zipporah, alikuwa peke yake kwa mtaa mzima, akamkabidhi begi la madaftari na kumpeleka majumbani. Ndipo Kioko alipougua kifua kikuu. Miezi sita, kila asubuhi, Tasneem alifika gereji, akasimama kando ya gari lililofunguliwa matumbo, akamtazama Kioko akimeza vidonge mpaka cha mwisho. Siku moja Kioko alijificha ndani ya buti la gari la mteja. Tasneem akamngoja mpaka akatoka mwenyewe.

Kisha Sista Zipporah akapata kazi Saudia. Hakuna aliyemlaumu, alikuwa na watoto watatu, na huko walimtaka. Tangu aondoke, zahanati ikawa inafunguliwa siku mbili kwa juma, muuguzi wa kuazima akija, na siku nyingine ni kufuli. Akaja msimamizi, akamwita Tasneem, akamweleza vizuri tu kwamba kwa kuwa hana leseni asimguse mgonjwa, hata kwa nia njema, maana likitokea la kutokea hakuna wa kumtetea. Tasneem alitia sahihi kwamba ameelewa. Alirudisha begi, akaanza kushona madera kwenye baraza la nyumbani kwao.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa Jumanne ile ya mvua. Yapata saa kumi alasiri tulimwona Mwenda, kijana wa Meru aliyepanga nyumba nyuma ya kiwanja cha mpira, akipita mbio kuelekea zahanati. Alilitikisa kufuli, akarudi mbio, akasimama mbele yetu akitweta. Alisema mkewe Fridah anajifungua, mtoto wa pili, na uchungu umekuja wote kwa mara moja, hawezi hata kusimama. Alituuliza amwite nani. Tulitazamana. Adnan aliliweka birika chini, akaondoka bila viatu kuelekea nyumbani kwake.

Yaliyotokea ndani tuliyasikia kwa wanawake waliokuwepo. Tasneem alifika, akasimama mlangoni, akasema hana leseni, na kwamba watafute gari kwanza. Lakini kichwa cha mtoto kilikuwa kimeshaonekana. Akanawa mikono. Mtoto alitoka salama, wa kike, akalia. Kondo la nyuma likatoka lote. Tasneem alilikagua chini ya taa ya simu kama alivyofundishwa. Baada ya hapo ndipo damu ilipoanza, na haikuacha. Alilikanda tumbo, akamweka mtoto kwenye titi ili mji wa mimba ukaze, nao haukukaza. Iko sindano ya kuzuia damu ile. Tasneem alijua jina lake, kipimo chake na mahali inapochomwa. Ilikuwa kwenye jokofu la zahanati, nyuma ya kufuli.

Tuktuk ilipatikana, ikazama magurudumu kwenye maji. Kioko na Muzammil waliisukuma mpaka barabara kubwa. Njia nzima Tasneem alikuwa amepiga magoti, ngumi moja ikiubana mji wa mimba wa Fridah kwa ndani na mkono mwingine kwa nje, na Mwenda ameshika kichwa. Walifika hospitali kubwa akiwa hai. Madaktari walimpokea, wakamwingiza chumba cha upasuaji, wakafanya walichoweza. Kabla ya magharibi alikuwa amekufa.

Daktari alitoka akauliza nani aliyemzalisha. Tasneem alisema ni yeye. Akaulizwa nambari yake ya usajili. Akasema hana. Daktari akaandika alivyolazimika kuandika. Alhamisi polisi wawili walikuja Barani, Tasneem akalala ndani usiku mmoja, na Ijumaa akatoka kwa dhamana. Tangu hapo alikuwa chumbani, na mamake alisema hataki hata kufunguliwa dirisha.

Basi Jumamosi tukaketi. Wakili ndiye aliyeanza, kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaka baba mtu asisikie ilhali ameketi hatua mbili mbele yake.

— Sheria haina macho. Ukimshika mgonjwa bila leseni, akipona ni bahati, akifa ni kosa. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

— Mkuu yupi, Wakili? Kioko akamwuliza. Siku hiyo mkuu alikuwa kufuli.

Redio alisema sisi tunatazama mwisho wa jambo, na mwanzo wake ni chuo. Yeye alikuwa amesikia, kwa mtu ambaye hawezi kumtaja, kwamba chuo kile kilijengwa kwa makusudi ya kupeleka wasichana Arabuni kulea wazee. Uuguzi ulikuwa chambo tu, na ndiyo maana idhini ilikuwa ya wazee. Kioko akasema basi hata zahanati ni mpango huohuo. Kuna mtu, akasema, ambaye kila nesi akiondoka nchini yeye hupata kitu, na mtu huyo anahesabu manesi kama maembe ya kusafirisha. Yaliyoiva yanapakiwa, mabovu tunaachiwa sisi. Kisha akakumbuka ni binti wa nani anayezungumziwa, akasema hakumaanisha mabovu.

Wakili aliyakataa hayo. Kwa maoni yake shabaha ilikuwa kiwanja cha zahanati. Zahanati ikifunguliwa siku mbili, kisha moja, kisha isifunguliwe kabisa, watu wataizoea imefungwa, na siku moja tutaamka tukute ukuta, na nyuma ya ukuta hoteli ya Mtaliano. Redio akaongeza kwamba hata Saudia penyewe Sista Zipporah hajafika. Kuna mtu alimwona Mtwapa, amebadilisha jina.

— Hizo siku mbili nazo ni za nini? alisema. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Yule nesi wa kuazima tungempa jembe akalime.

Hakuna aliyemsahihisha. Kioko alikuwa tayari ameshika njia yake mwenyewe. Alisema amefikiri sana usiku, na ameona kwamba leseni zote za nchi hii huandikwa na mzee mmoja katika chumba kimoja, na mzee huyo alikwisha kufa zamani, ila mlinzi anaogopa kusema, kwa hivyo karatasi zinaingia na hazitoki. Alisema hivyo akitazama chini, na nilijua haamini. Alikuwa akitafuta mtu wa kumlaumu ambaye hatakuwa amekaa kwenye ubao ule.

— Na damu ile, akasema baadaye. Mimi niliiona kwenye tuktuk. Haba na haba hujaza kibaba.

— Methali hiyo ni ya kuweka akiba, Kioko, Wakili akamwambia.

— Ni ya kuweka akiba, ndiyo. Sina nyingine.

Adnan alikuwa ameinama kwenye jiko. Hakuinua uso aliposema. Katika miaka yote ninayomjua, sijamsikia akiingilia mazungumzo ya wateja wake.

— Mimi ndiye niliyemwita.

Akaeleza polepole, kama anayehesabu punje. Alimkuta Tasneem anashona. Alipomwambia kuna mwanamke anajifungua, Tasneem hakuondoa mguu kwenye cherehani; alisema, baba, mimi nilitia sahihi. Akamwambia mara ya pili, akamjibu vilevile. Mara ya tatu Adnan hakuomba, aliamuru.

— Nilimwambia, kama hujui kitu basi kaa, na kama unajua, simama. Akasimama. Sasa hanisemeshi. Hajanikosea adabu. Nikigonga mlango ananiitikia, labeka baba, kisha basi.

Wakili alijisogeza kwenye ubao, akamwachia nafasi ya kukaa.

Wakati huo ndipo Mwenda alipokuja. Alikuwa amevaa shati lilelile la Jumanne ya mvua, na mkononi alikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne. Watoto wote wawili, alisema tulipomwuliza, wako kwa jirani mpaka mama mkwe afike kutoka Meru. Alitupa shikamoo kwa pamoja, tukaitikia. Kwa Adnan alikwenda karibu, akaitoa peke yake, na Adnan akaitika marahaba bila kujua aweke wapi mikono.

Karatasi ilikuwa maelezo yake aliyoyatoa kituoni. Alipewa nakala akaisome nyumbani, na Jumatatu alitakiwa arudi kutia sahihi. Alisema ameisoma mara nyingi, lakini tangu Jumanne maandishi hayamwingii, anaona herufi tu. Alikuwa amesikia kwamba hapa kuna mzee aliyefanya kazi mahakamani.

Mahadhi akavaa miwani. Maelezo yalikuwa kwa Kiingereza, naye akawa anasoma kimya sentensi moja, kisha anatuambia kwa Kiswahili. Jina, umri, kazi, saa aliyotoka nyumbani. Kufuli la zahanati lilikuwemo. Mvua ilikuwemo. Halafu akafika kwenye mstari mmoja, akauwekea kidole.

— Hapa panasema: mwanamke huyo alijidai kuwa muuguzi aliyehitimu, nami kwa kumwamini nikamruhusu amshike mke wangu.

— Rudia hapo, mzee, alisema Mwenda.

Akarudia.

— Hakujidai.

Alilisema kwa utulivu kiasi kwamba Redio, aliyekuwa ameinua kikombe, alikishikilia hapohapo. Mwenda akaendelea. Alisema askari aliyemwandika alimwuliza kama yule mwanamke alifanya kazi ya nesi, naye akajibu ndiyo, alifanya. Labda hapo ndipo neno hilo lilipoingia. Lakini kujidai, hapana.

— Aliniambia mlangoni hana leseni. Akanawa mikono, akaniambia tena, nisije nikasema sikuambiwa. Mimi ndiye niliyemwambia aingie. Na daktari aliniambia, bila ule mkono mke wangu asingefika hospitali na pumzi.

Wakili alivua miwani, akamweleza kwa lugha ya kueleweka, bila methali hata moja. Neno lile moja, alisema, ndilo linalomfanya Tasneem kuwa tapeli. Likibaki, atahukumiwa kama mtu aliyewahadaa watu wenye shida. Likiondoka, kesi ya kufanya kazi bila leseni itakuwepo bado, hiyo haikwepeki, na asidanganywe na mtu kwamba itafutika. Lakini hakimu atasikia kwamba aliyemwita alijua. Asitie sahihi karatasi hii. Aende Jumatatu, aombe maelezo yaandikwe upya, na wakikataa aombe kumwona mkubwa wa kituo.

— Na mimi nitakwenda nawe, alisema Mahadhi. Nitakaa nje, lakini nitakuwepo.

Mwenda alikubali. Wakaandika pamoja nyuma ya karatasi ile, kwa kalamu yangu, yaliyosemwa mlangoni kama yalivyosemwa. Ilichukua muda, kwa sababu Mwenda alitaka kila neno liwe lilelile. Kioko alisimama akaenda kujisaidia nyuma ya ukuta, na aliporudi macho yalikuwa mekundu. Adnan alimmiminia Mwenda kahawa, akampa kwa mikono miwili.

Mwenda aliinywa amesimama. Kisha akauliza, kama mtu anayeuliza njia.

— Wazee, mimi si wa hapa. Nataka tu kujua, siku nyingine isije ikampata mwingine. Siku ile, kwa haki, ningemwita nani?

Nilingoja Wakili aseme. Akaanza kufuta miwani yake. Redio, ambaye hana swali asilokuwa na jibu lake, alikuwa akichezea kitako cha kikombe. Nchi nzima tulikuwa tumeimaliza jioni ile, chuo, kiwanja, Saudia na mzee aliyekufa, na hakuna hata moja la kumpa kijana huyu.

— Mimi.

Aliyesema hivyo alikuwa amesimama nyuma ya Mwenda. Ni Linet, msichana wa Taita mwenye kibanda cha M-Pesa, kile cha bati la kijani, hatua kama thelathini kutoka kijiweni. Huwa haketi nasi. Huja jioni na kikombe chake mwenyewe, hununua kahawa, huenda zake. Kikombe kilikuwa mkononi, na sijui alisikia kuanzia wapi.

— Mimi ni nesi, alimwambia Mwenda.

Mwenda hakuelewa, wala wenzangu hawakuelewa, ikabidi aeleze. Alieleza bila fahari, kama anayesoma fomu. Ana digrii ya uuguzi. Alifanya mwaka wa mafunzo hospitalini, akapita mtihani, akasajiliwa. Alipewa mkataba wa miaka mitatu wa afya ya jamii, chanjo na uzazi, ukaisha, hakuitwa tena. Huu ni mwaka wa pili anangoja. Leseni anaihuisha kila mwaka kwa kuwa akiiacha ikafa, siku akiitwa hataajirika. Imo kwenye bahasha, chini ya meza anayotolea watu pesa. Amezalisha wanawake ambao hawezi kuwahesabu, na waliotoka damu kama ile aliwahi kuwashika wanne.

Akasema Jumanne ile alikuwa kibandani kutwa. Aliona watu wanakimbia kwenye mvua na tuktuk inasukumwa. Alidhani nyumba za bondeni zimeingiwa na maji. Akateremsha dirisha ili karatasi zake zisilowe.



— Nilikuwa pale, alisema, akionyesha kibanda kwa kikombe. Mbona hamkuniita?

Kioko alisema, polepole, kwamba yeye hakujua. Redio akasema wallahi hakujua, na nadhani ni mara ya kwanza kinywa chake kutamka neno hilo. Mahadhi alitikisa kichwa. Adnan alikuwa ameshika birika hewani, hamimini na haliweki chini. Walisema kweli, wote. Lakini Linet hakuwa akiwatazama wao. Alikuwa akinitazama mimi, na baada ya muda Mwenda naye akageuka akanitazama.

Barua zake za kuomba kazi nilizisahihisha mimi, zote saba, kwa kalamu ileile iliyokuwa mkononi mwa Mahadhi, na kila moja ilianza kwa kusema kwamba yeye ni muuguzi aliyesajiliwa. Jumanne, Mwenda aliposimama mbele yetu akituuliza amwite nani, nilikitazama kibanda kile cha kijani. Nilikitazama vizuri kabisa. Nikaona mahali pa kutolea pesa.